Siku Ticha Modesta Aliponyamaza

Ticha Modesta anaogopa kila kitu. Siyo utani. Anaogopa mbwa hata aliyefungwa, anaogopa radi, anaogopa sindano, na kila Krismasi akipanda feri kwenda kwao Ukerewe anakaa katikati kabisa, kafumba macho, kashika mkoba wa mtu asiyemjua. Ukikutana naye hapa Pasiansi, kamwili kembamba, miwani, begi kubwa mgongoni lenye ngoma na kinanda kidogo cha betri, utadhani anaiomba barabara ruhusa ya kupita. Sasa huyo huyo ndiye nataka mmjue, kwa sababu ya Jumamosi ile. Mimi nilikuwepo.

Zamani alikuwa anapiga kinanda kwenye kwaya kule Mkolani. Wakamfukuza! Kosa lake mtacheka. Mwimbaji akipotea sauti, mpiga kinanda mwingine anakaza tu mpaka aliyepotea arudi mwenyewe. Modesta hawezi. Mtu akipotea, kinanda chake kinamfuata huko huko alikopotelea. Kwaya nzima inajikuta porini. Siku moja mwalimu wa kwaya, Mzee Luhaga, akapiga meza.

"Modesta! Kinanda ndiyo barabara! Umeona wapi barabara ikimfuata mlevi?"

"Samahani mwalimu," akasema, "nilimwona yuko peke yake."

Basi, akaambiwa apumzike, na ukiambiwa upumzike kwaya si unajua maana yake. Akakaa nyumbani anasuka nywele za watu. Baadaye kukawa na semina ya walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, rafiki yake akamburuta. Mkufunzi akauliza, kuna mtu hapa anaweza kupiga muziki bila kujua wimbo unaelekea wapi? Modesta peke yake akanyoosha mkono. Alisema alidhani anaulizwa nani mwenye kosa hilo.

Ndiyo ikawa kazi yake. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kwetu kwa ajili ya Suhaib.

Suhaib ni mtoto wa mamdogo Sada, mdogo wake mama, na mimi nakaa kwao kwa sababu ya shule. Ana miaka sita. Ana usonji, yaani dunia inamwingia kwa namna yake tofauti na sisi. Haongei. Hapendi kushikwa ghafla, hapendi watu wakipiga kelele, na jina lake ukiliita ni kama umemwita jirani. Lakini sauti za vitu, wee! Kijiko kwenye sufuria, mlango wa bati, maji yakidondoka kwenye ndoo, hizo anazisikiliza kama wazee wanavyosikiliza matangazo ya vifo redioni.

Mara ya kwanza Ticha alipokuja sisi wote tulijipanga sebuleni tukidhani atamfundisha wimbo. Hakufundisha kitu. Alikaa chini kwenye mkeka, akasubiri. Suhaib alikuwa chini ya meza anagonga mguu wa meza kwa kidole: ta, ta-ta. Kimya. Ta, ta-ta. Ticha akagonga ngoma taratibu: ta, ta-ta. Suhaib akaacha. Baadaye akagonga tena, Ticha akajibu tena. Suhaib akavuta sauti ya puani, "mmmm," na Ticha akaifuata kwenye kinanda, chini, chini, mpaka ikaisha. Saa nzima ni hiyo hiyo!

Baba Suhaib, Khalidi, anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, akaninong'oneza, "Nusrat, hapa mwanafunzi ni nani? Mbona naona mwalimu ndiye anayefundishwa?"

Tukacheka. Lakini Jumamosi ya sijui ngapi Suhaib alitoka chini ya meza mwenyewe, akamkamata Ticha kiganja, akakiweka juu ya ngoma. Maana yake: piga. Mamdogo alikimbilia jikoni kulia. Huyu mtoto alikuwa hajawahi kumwomba mtu kitu.

Sasa kuna jambo moja la nyumba ile mlijue, bila hilo hamtaelewa. Suhaib anapenda ziwa. Kutoka getini kwetu mpaka kwenye mawe ya ziwani ni kushuka tu, na mara mbili alishatoroka tukamkuta kaketi kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, anayapiga kofi. Hajui kuogelea. Kwa hiyo mamdogo akaweka sheria: yeyote akimwona Suhaib ametoka getini apige ukelele, "Ametoka!" Na yeyote akisikia, akimbie. Asiulize nani kasema, asivae viatu, asizime hata jiko. Akimbie ziwani.

Jumamosi ile maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu katikati ya wiki. Tanki letu la nyuma ya nyumba, lile la plastiki jeusi refu kuliko mtu, lenye mikunjo kama ngazi ndani na nje, lilikuwa tupu, kwa hiyo Gladness, mpangaji wetu wa chumba cha uani, aliliosha na kuacha mfuniko wazi likauke. Koki ya kuingiza maji huwa haifungwi kabisa. Nyumba zote za huku ziko hivyo, ili maji yakirudi hata kama hamna mtu yajae yenyewe.

Baba Suhaib alikuwa sokoni. Mimi na mamdogo tulikuwa jikoni, tukidhani Suhaib yuko chini ya meza yake, mamdogo anakaanga sato, mafuta yanalia chwaaa. Ticha alikuwa hajafika. Mara kutoka uani sauti ya Gladness, kwa furaha yote:

"Yametokaaa! Jamani, yametokaaa!"

Alimaanisha maji, kwamba yamerudi. Lakini chukua yale mafuta, chukua na hofu ya mama. Mamdogo alisikia, "Ametoka!"

Sijawahi kuona mtu anakimbia hivyo. Mwiko aliondoka nao. Mimi nikamfuata na miguu mitupu. Tukapita kwa Mashimba, fundi pikipiki wa jirani, mamdogo anapiga kelele, "Ametoka! Ametoka!" Mashimba akatupa spana, akakimbia. Wateja wake wakakimbia. Na Gladness mwenyewe, aliyepiga ukelele wa maji, alipotuona tunakimbia naye akakimbia, ndoo mkononi, maana sheria ni sheria, usiulize!

Ziwani hakukuwa na mtoto.

Mawe matupu. Maji yametulia, na hapo ndipo niliposikia baridi kwenye meno, kwa sababu maji yaliyotulia ndiyo hayasemi kilichoingia. Mamdogo aliingia na nguo zake mpaka kiunoni, anapapasa chini kwa mikono kama mtu aliyedondosha sindano. "Suhaib! Suhaib mwanangu!" Watu wakajaa. Mwingine anasema nimemwona mtoto wa shati jekundu kule, mwingine anasema angalieni kwenye magugu. Mashimba alizama, akaibuka, akazama. Gladness alisimama na ndoo yake analia, bado hajui kwamba tumekimbizwa na ukelele wake.

Muda huo Ticha Modesta anafika nyumbani. Hii sehemu alitusimulia mwenyewe baadaye. Anakuta geti wazi, nyumba wazi, moshi jikoni, samaki wameungua. Akazima jiko. Akapiga simu ya mamdogo, ikaita pale pale juu ya kabati. Akaogopa. Alidhani wameingiliwa na majambazi, akataka kuondoka zake. Ndipo akasikia.

Mmmm. Chini, chini. Halafu kofi kwenye maji.

Ilikuwa sauti ya Suhaib, ila kubwa, yenye mwangwi, kama ya mtu mzima kanisani. Akaifuata mpaka nyuma ya nyumba. Yale matofali yaliyopangwa pembeni ya tanki yalikuwa na alama za miguu midogo. Suhaib alikuwa amepanda, akaingia, na mle ndani sauti yake ilikuwa inamrudia, kwake ni raha tupu. Na bomba la juu linamwaga maji, shaaa.

Ticha alipanda akachungulia. Maji yalikuwa yamefika Suhaib kifuani. Kile kichwa kilipotokea ghafla pale tunduni, na mwanga nao ukazibika, Suhaib alishtuka. Akafanya anachofanya siku zote mtu akimshtua: akajificha. Nyumbani anajificha chini ya meza. Mle ndani pa kujificha ni chini ya maji.

Akazama mwenyewe.

Ticha alitoa kichwa haraka. Akasikiliza. Hakuna. Halafu kikohozi, pumzi, na "mmmm" nyembamba ya mtu anayetaka kulia. Alishuka, akafunga koki, mikono inateleza. Akafikiri akimbilie ziwani kutuita. Lakini akimwacha je? Akakaa chini, mgongo kwenye tanki. Akagonga plastiki kwa vidole, taratibu: ta, ta-ta.

Mashimba ndiye aliyerudi kwanza, kufuata mpira wa tairi na kamba. Maji yanamchuruzika. Akamkuta Ticha kakaa anagonga tanki.

"Ticha! Mtoto amezama ziwani harafu wewe unapiga ngoma? Kweri kabisa?"

Ticha akaweka kidole mdomoni, akaonyesha juu. Mashimba hakusubiri maelezo. Alipanda, akaingiza kichwa na lile bega lake lote, "Dogo! Nipe mkono!" Akashusha mkono. Suhaib akaenda chini tena. Safari hii alikaa. Mashimba akauona ule mwili mdogo umejikunja kule gizani, hauji juu, na yeye hawezi kupita tundu lile. Ticha alimvuta suruali kwa nguvu zote.

"Toka! Kaka Mashimba, toka, hawezi kuibuka ukiwa hapo!"

Akatoka. Kikohozi kikasikika. Mashimba, mwanaume anayenyanyua pikipiki peke yake, alikaa juu ya matofali.

"Tulikate tanki. Nina grenda."

"Na ile kelele? Si atakaa chini moja kwa moja?"

"Tufungue bomba la chini maji yamwagike."

"Fungua. Lakini bomba lenyewe dogo vile, yatatoka mpaka jioni. Mtoto ameshachoka, unamsikia anavyokohoa."

"Sasa tunafanyaje, Ticha?"

"Sijui," akasema. "Hata nikiingia mimi atajificha tena chini. Waite wenzako. Waje kimya. Kaka, kimya kabisa."

Haya, hebu fikiria unawaambia watu wote wale, na mama mtu, mtoto yuko tankini anazama, njooni kimya! Tulipanda mlima ule tunahema kama mbuzi. Mashimba alisimama getini katanua mikono. Mamdogo Sada aliponiona mimi nataka kupayuka alinifinya, halafu akachukua upindo wa kanga yake akaujaza mdomoni, akaingia hivyo. Akapiga magoti mbele ya tanki. Sauti ilikuwa inatoka puani tu. Gladness alikuwa ameshaelewa ni neno gani lilisikika vibaya, akajifunika kichwa kwa ndoo. Siyo kwa kuchekesha. Alikuwa hataki kuonekana na dunia.

Ndani, Suhaib akapiga: pa, pa-pa. Ilikuwa dhaifu.

Ticha nje: ta, ta-ta.

Nikaanza kuona anachofanya. Kila akijibu, mkono wake ulikuwa unapanda kidogo. Aligonga usawa wa goti, akasubiri. Suhaib akapiga ukuta wa ndani pale pale. Akagonga usawa wa kiuno, Suhaib akafuata, kumbe anakanyaga ile mikunjo ya ndani kama ngazi. Akapanda matofali, usawa wa kifua. Ndani ikajibiwa, lakini baada ya kukohoa, na ile sauti ya puani ikawa inakatika katikati. Mwishowe Ticha akalala kifudifudi juu ya tanki, kichwa mbali na tundu, akagonga ukingo wenyewe wa tundu. Ta, ta-ta.

Akaacha.

Aliutoa mkono kabisa. Akanyamaza.

Ndani, pa, pa-pa. Ticha hakujibu. Mamdogo akainua macho. Ndani tena: pa. Moja tu. Ticha kimya! Kalala pale kama nguo iliyoanikwa, miwani imemshuka puani, mkono hewani.

Mamdogo akautoa upindo mdomoni. Akasema kwa mnong'ono, lakini mnong'ono wa kuua, "Mjibu. Ticha. Mjibu mwanangu."

Ticha akatikisa kichwa. Hapana.

"Mjibu, nakwambia! Anakuita!"

Hapana.

Halafu ndani kukawa kimya pia. Hakuna kofi, hakuna mmmm, hakuna hata kikohozi. Lile bomba la chini tu linadondosha maji yake. Mamdogo alinyanyuka ampande Ticha mgongoni amvute, Mashimba akamkumbatia kwa nyuma, akamwinua miguu ikapiga hewa. Mimi nilikuwa nang'ata mkono wangu. Nikawa nasema moyoni, huyu mwoga ameganda. Ndivyo nilivyofikiri. Ameogopa, ameganda, na Suhaib anakufa hapo tunaangalia.

Mkono ukatokea.

Mdogo, umekunjamana vidole kwa maji, ulitoka kwenye tundu ukashika ukingo. Ukapapasa juu ya plastiki unatafuta. Ulimkosa Ticha kwa upana wa kijiko. Na Ticha, sijui aliwezaje, hakuushika! Watu wote pale tungeudaka. Yeye akasogeza kiganja chake karibu, akakilaza pale, wazi. Mkono ukakigusa. Ukazunguka kiganja cha Ticha, ukakamata, ukaanza kukivuta kukiinua, kama pale kwenye mkeka. Maana yake: piga.

Hapo ndipo Ticha naye alipofunga vidole.

"Kaka Mashimba," akasema taratibu sana, "sasa."

Mashimba alimwachilia mamdogo na kupanda sijui kwa hatua gani. Suhaib alitoka tunduni kama ndama anayezaliwa, midomo rangi ya zambarau, akikohoa maji, na Ticha muda wote, ule mkono mdogo ukiwa bado umemshika, anagonga ta, ta-ta juu ya plastiki.

Mamdogo akampokea, akamfunga kanga. Akamwangalia macho, akamsikiliza kifua, akamnusa kichwa. Halafu akamkabidhi kwangu, akamwendea Ticha Modesta aliyekuwa anashuka, akampiga. Kweli! Ngumi mbili za kifuani.

"Alikuita! Mwanangu alikuita ukanyamaza!"

"Ndiyo, Mama Suhaib."

"Ulijua atatoka?"

Ticha akavua miwani. "Sikujua. Ningeendelea kumjibu angekaa mle mle, alikuwa anapata kila anachotaka. Nikasema nisipomjibu labda atakuja kunitafuta. Aliponyamaza nikajua nimemuua."

Mamdogo akamshika mabega, nikadhani anaongeza ngumi, kumbe anamwegemea. Wakaanguka pamoja kwenye tope, wakalia kama watu waliofiwa. Mashimba alikuwa ameshawasha pikipiki ya mteja. Akawapakia mamdogo na Suhaib mpaka zahanati ya jirani, wakamsikiliza mapafu, wakakaa naye, wakasema yuko salama ila tumwangalie asije akapata homa.

Waliporudi, Ticha alikuwa bado yupo barazani. Hakuweza kutembea. Gladness, aliyekuwa hajui afanye nini na mwili wake, alimletea glasi ya maji. Ticha aliyatazama yale maji akageuza uso.

"Jamani, maji sitaki hata kuyaona. Nipeni soda."

Tukacheka, kicheko kile kibaya cha watu waliotaka kulia. Soda ikaja. Akaishika kwa mikono miwili lakini kutetemeka kulikuwa kumemwanza upya, siyo kidogo, mwili mzima, na kila akitaka kunywa mdomo wa chupa unamgonga meno: ti-ti-ti-ti. Akaishusha, aibu imemjaa. Akajaribu tena. Ti-ti-ti-ti.

Suhaib alikuwa amekaa kwa mama yake, kafungwa blanketi mpaka shingoni. Akageuza kichwa. Akasikiliza. Akajitoa kwenye blanketi polepole, mamdogo akataka kumrudisha, nikamshika mkono. Akaenda mpaka kwa Ticha, akasimama mbele yake, na kwa ukucha wa kidole kimoja akagonga ile chupa.

Ti-ti-ti-ti.

Ticha akazidi kutetemeka. Suhaib akasubiri, akasikiliza vizuri, akamjibu tena vile vile. Ticha akatuangalia sisi kwa macho ya mtu anayeomba msaada, halafu akaacha kujizuia. Akatetemeka tu, kwa jinsi mwili ulivyotaka, na mtoto akamfuata.